Bibi wa Mayai Aliyenyooshwa

Kuna watu Mungu aliwapa jicho moja la kuona na lingine la kutafuta makosa. Mama Nyoosha alipewa yote mawili ya kutafuta makosa. Mkaribishe kwako uone: kabla hajaketi ameshaiweka sawa kalenda ya ukutani, ameshakivuta kitambaa cha meza kilichozidi upande mmoja, na kama mume wako ana kola iliyojikunja, heri ajifanye ana safari. Siku moja alikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa. Akalia vizuri kama wenzake, katikati ya kilio akainuka, akainyoosha picha ya marehemu ukutani, akarudi kukaa na kuendelea kulia pale pale alipoachia. Ndipo mama mkwe wake alipombandika jina hilo, na jina likamganda kama kupe.

Mtu wa namna hiyo nyumbani ni mzigo, lakini kazini ni dhahabu, mradi umpatie kazi yenyewe. Naye aliipata. Juu ya kibanda cha fundi funguo, ukipanda ngazi nyembamba ambazo mnene hupishana na mwenzake kwa mazungumzo kwanza, palikuwa na chumba cha kutengenezea katuni. Feni ilikuwa moja, na ilielekezwa kwenye kompyuta. Watu walitakiwa kujipepea wenyewe. Kifuniko cha skana kilishikiliwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Karatasi zilirundikwa kila mahali, juu ya kila rundo jiwe, zisije zikapeperuka zikaenda kuchekesha watu barabarani bila tiketi.

Katuni ya kuchorwa kwa mkono si mchezo, usidanganyike. Wewe unaona mtu kainua kikombe, kanywa, kakirudisha mezani, unasema haya, yanayofuata. Mwenzio aliyechora hapo kidole kimeota sugu. Kila picha ina karatasi yake, na kila karatasi inatofautiana na mwenzake kidogo tu, kama ndugu wa tumbo moja. Ili zisipotezane, kila karatasi hutobolewa matundu matatu chini, na mchoraji huivika kwenye kipande cha chuma chenye vijino vitatu. Chuma kama hicho hicho kimegandishwa kwenye kioo cha skana. Matundu yakikaa kwenye vijino, picha zote zinajua kwao.

Ila karatasi ni karatasi. Tundu hulegea, picha ikateleza upana wa unywele, na ukiziendesha kwenye skrini mtu uliyemchora amesimama anatetemeka kama amekanyaga siafu. Hapo ndipo alipohitajika Mama Nyoosha. Anailaza picha juu ya picha, anaififisha ya juu mpaka ya chini ionekane, halafu anaisukuma kwa kipanya, taratibu, anaizungusha kidogo, mpaka pua ilale juu ya pua na kisigino juu ya kisigino. Na wala usifikiri alikuwa na unyenyekevu. Alikuwa akijisifu hadi feni inageuka kumsikiliza.

"Mimi," aliwaambia, "mnaweza kuniletea hata mkia wa mbwa."

Mchoraji wa hapo alikuwa baba mkwe wake, Mzee Brashi. Huyu ujana wake wote aliumalizia kwenye vibao vya maduka. Jino la daktari wa meno, mkono wake. Kuku wa muuza kuku, mkono wake. Kinyozi mmoja alimchorea kichwa kizuri sana, hata wateja wakawa wanakaa kwenye kiti, wanakionyesha kwa kidole na kusema, "Nipe kile," na kinyozi wa watu akaanza kuchukia kazi. Mzee alipozeeka na ngazi za vibao kumshinda, Bosi akamchukua achore katuni. Bosi alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu, kalamu kaichomeka nywelini, na hakuwa na muda wa kumaliza salamu.

Katuni ya mwaka huo ilikuwa hadithi fupi kuliko zote. Bibi mmoja kanunua trei ya mayai, kajitwika kichwani. Nyumba yake iko ghorofa ya juu kabisa, na lifti imekufa. Basi. Anapanda. Watu wanatakiwa wamwonee huruma bibi, wayahofie mayai, na wacheke mpaka washike mbavu. Ingeonyeshwa Jumamosi ukumbini, mtaa mzima umealikwa, matangazo yameshabandikwa.

Sasa huko nyumbani, kwenye ua walimoishi wote pamoja, kulikuwa na jambo lisilosemwa. Mkono wa Mzee Brashi ulikuwa umeanza kutetemeka. Siku moja chai ilimwagika kwenye kisosi. Mama mkwe hakusema neno, ila tangu siku hiyo mzee akawa anamiminiwa nusu kikombe, na hakuna aliyeuliza nusu ya pili imekwenda wapi. Mama Nyoosha aliona, akameza. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumwambia baba wa mume wako kwamba mkono wake umezeeka kabla yake.

Basi wiki ile akawa anaskani picha za bibi wa mayai. Bibi alikuwa anatembea papo hapo katikati ya karatasi, na ngazi zilichorwa peke yake, ziteremshwe nyuma yake ili aonekane anapanda. Mama Nyoosha akaziendesha picha kwenye skrini. Lo! Bibi kainama kushoto. Kainama kulia. Kaenda upande, karudi. Trei nayo inakwenda njia yake. Hakuna picha moja iliyokaa juu ya mwenzake.

"Masikini Baba," akajisemea. "Hata karatasi hawezi tena kuishikisha sawa."

Angeweza kuuliza. Mtu mwenye haya haulizi, hufunika. Akafunga mlango, akazinyoosha zote. Pua juu ya pua, trei juu ya trei, mpaka bibi akasimama wima kama mlingoti wa bendera, miguu tu ndiyo inayokwenda. Akazihifadhi juu ya zile za mwanzo, zikafutika, asiache hata alama, asije mtu akagundua aibu ya mzee. Jioni akarudi nyumbani ameridhika kama malaika aliyepanda cheo.

Jumanne mchana Bosi akafunga pazia, wakaketi watatu kuitazama kazi nzima kabla ya Jumamosi: Bosi, Mzee Brashi na mkwewe. Bibi akatokea. Akapanda. Akapanda tena. Mama Nyoosha alikuwa akitazama kingo tu, na kingo zilikuwa zimetulia kama maji ya mtungini. Akawa anangoja sifa. Pembeni yake mzee aliinama mbele, viwiko magotini, macho kwenye skrini, kama mtu anayemsubiri mgeni kituoni na basi limeshateremsha watu wote.

Bosi hakucheka. Bibi alipofika ghorofani Bosi akafungua pazia.

"Mzee, mbona huyu bibi anapanda kama yumo kwenye lifti? Si tulisema lifti imekufa?"

Mzee Brashi alitazama vidole vyake. "Nilichokiona kichwani," alisema polepole, "hakikufika kwenye karatasi." Akainuka, akaliomba rundo la karatasi zake, akalifunga kamba, akateremka nalo ngazi akishika ukuta.

Bosi akamvuta Mama Nyoosha pembeni. "Baba mkwe wako amechoka, dada. Hii tutaionyesha hivi hivi, hakuna jinsi. Lakini katuni ijayo, ile ya fundi viatu, nitampa mtu mwingine achore. Wewe ni wa nyumbani, utajua namna ya kumwambia."

Utajua namna ya kumwambia! Hebu jaribu wewe. Mama Nyoosha alikwenda nyumbani miguu mizito, na moyoni alikuwa akisema, kumbe hata nilivyomsaidia, haikutosha. Ndiyo, cheka. Yeye hakujua bado.

Hakumwambia jioni ile. Asubuhi alipotoka nje na ndoo akasikia kicheko jikoni kwa mama mkwe. Si kicheko cha mtu mzima mwenye adabu zake. Ni kile cha kupiga paja na kukosa pumzi. Akachungulia. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko, rundo la karatasi mapajani. Upande wa matundu kaubana kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono wa pili anaziachia karatasi moja baada ya nyingine, frrrrr.

"Mama, kuna nini?"

"Njoo, mwanangu, njoo umwone mshenzi huyu! Baba yako kasema niwashie moto. Nimwashe mtu kama huyu? Tazama! Anaanguka... anaanguka... yaanguke basi tujue moja! Haanguki!"

Mama Nyoosha akainama kutazama. Bibi alikanyaga, mwili ukaenda kulia, trei ikachelewa nyuma yake, ikaelekea kushoto. Bibi akaifuata kwa shingo, akaikuta, akakanyaga tena. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mwendo ulikuwa na mpigo kabisa, kama ngoma. Mkono unaotetemeka hauna mpigo. Hapa kila mwinamo ulipimwa.

Moto ulikuwa jikoni, lakini aliyeungua ni yeye.

"Mama! Umeshachoma ngapi?"

"Moja tu. Tena bibi alikuwa amefumba macho, hakusikia maumivu."

Akamnyang'anya rundo lote, akatoka nalo kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto. Mlangoni akagongana na mumewe, fundi friji, mtu wa maneno machache na majani ya chai mengi. Akamweleza kwa kunong'ona, mwanzo hadi mwisho. Mume akafikiri kwa muda wa kumeza funda moja.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Nenda kazini, zirudishe zilivyokuwa. Mwambie Bosi kompyuta iliumwa. Kompyuta zinaugua kila siku, nani atabisha?"

"Na baba yako?"

"Atafurahi tu, si picha imepona? Ukimwambia ulimdhania kwamba amekwisha, hapo utakuwa umemfanyia nini, ihsani?"

Shauri lilikuwa tamu, nisikufiche. Mama Nyoosha alikuwa ameshaanza kulimeza alipozunguka nyumba akamkuta mzee kwenye benchi, juani. Alikuwa anasugua viatu. Dawa ya viatu ilikuwa kwenye kifuniko, na alichokuwa anachovya ndani yake ni ile brashi yake ya manyoya laini, ambayo miaka yote hakuruhusu hata nzi atue juu yake. Anachovya, anapaka, anachovya.

"Baba," alisema. "Acha hiyo brashi."

"Inapaka vizuri. Keti, mwanangu. Najua umetumwa. Bosi amekwambia nini?"

"Baba, yule bibi nilimnyoosha."

"Ulimfanya nini?"

"Alikuwa anayumba. Nikadhani... nikamnyoosha."

Mzee akaiweka brashi chini taratibu. "Mmoja?"

"Wote."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine. Ndiyo kazi yangu, Baba. Nikiona kimepinda nakinyoosha."

"Na kwa nini hukuniuliza? Tunakaa ua mmoja, choo kimoja, tunagombea ndoo moja."

Mama Nyoosha akatazama chini. "Niliogopa kukuaibisha. Ile chai... kisosi... Nilidhani ni mkono."

Kuku akapita katikati yao, akaona mambo si mazuri, akarudi.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Brashi, "ukanizika nikiwa hai. Tena hata hukuniambia mazishi ni saa ngapi, nivae vizuri."

"Nisamehe, Baba."

"Usiku kucha nimelala nikijiambia, wewe mzee, mkono umekuhama. Nimeshaigawa rula yangu. Penseli nzuri zote nimempa mama mkwe wako aandikie vya sokoni." Alikuwa ameanza kupandisha sauti, na Mama Nyoosha akajikunyata kungoja radi. Lakini katikati ya hasira mzee akasita, kama mtu aliyepapasa mfuko mtupu akakuta kitu. "Ngoja. Ngoja kwanza. Kwa hiyo nilimchora?"

"Ulimchora, Baba. Anayumba mpaka mama amelia machozi."

"Nilimchora!" Akasimama, kiatu kimoja mguuni. "Mama we! Mama watoto! Nilimchora! Alikuwa anayumba!"

"Si ndivyo ninavyosema tangu asubuhi!" sauti ikajibu kutoka jikoni. "Rudisheni karatasi, nimefika kwenye ngazi ya katikati!"

Hasira ilirudi baadaye, ikamkuta keshafurahi, haikupata pa kukaa. Alimgombeza mkwewe njia nzima hadi kibanda cha fundi funguo, ila kwa sauti ya mtu anayeimba.

Bosi aliposikia alichomoa kalamu nywelini, akairudisha, akaichomoa tena. "Na zile za mwanzo umezifuta?"

"Nilihifadhi juu yake."

"Jumamosi iko hapa, dada!"

"Nitaziskani upya. Na Baba atakaa karibu yangu."

Hivyo Mzee Brashi akakalishwa kwenye kiti kando ya skana, mtu ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta na aliyeiogopa kama mbwa wa jirani. Karatasi zikavishwa tena kwenye vijino. Sasa palikuwa na shida ya kweli, maana matundu mengine yalikuwa yamelegea, na kuna picha zilizoteleza zenyewe bila kutumwa. Ipi inyooshwe, ipi iachwe? Mashine haikujua, na jicho la Mama Nyoosha ndilo lililoleta balaa. Ikabidi aulize. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito.

"Baba, hii... hii ni wewe au ni bibi?"

Mzee akavuta miwani. "Bibi."

"Na hii?"

"Bibi. Hapo mguu umekosa kidato."

"Hii je?"

"Hiyo ni tundu. Nyoosha. Wewe nawe, huoni kama hiyo haina akili?"

"Na hii?"

"Bibi, bibi! Mwache mwanamke wa watu!"

Wakaendelea hivyo, naye Mzee Brashi akakolea. Akaanza kutoa sababu bila kuombwa: hapa bibi kakumbuka bei ya mayai, hapa goti la kushoto, hapa kanusa mchuzi wa jirani. Siku ya pili akawa anamshika Mama Nyoosha mkono wenye kipanya na kusema, "Kidogo tu, usimzidishie," kama vile alizaliwa humo. Bosi akipita nyuma yao alipunguza hatua, na kwa Bosi hilo ni kama mtu mwingine kupiga magoti.

Ikabaki ile karatasi iliyowashiwa moto. Mzee akaketi kwenye meza ya kioo yenye taa chini, akaweka karatasi mpya kwenye vijino, akachukua penseli aliyoidai kutoka kwa mkewe baada ya mabishano. Mkono ukatetemeka. Hakuna muujiza uliotokea, usisubiri. Aliukandamiza mezani kwa mkono wa pili, akachora, akapumzika, akachora. Mama Nyoosha alijifanya anatafuta kitu sakafuni.

Picha ilipoingia kwenye skrini, mstari wa mgongo wa bibi ulikuwa na mawimbi, na mwili umesogea pasipotakiwa.

"Hii ni..." Mama Nyoosha hakumaliza.

"Hiyo ni mimi," alisema mzee.

Chini fundi funguo alikuwa anapiga tupa. Mama Nyoosha alikuwa na kidole juu ya kipanya, na kidole kilimwasha, maskini, kama upele.

"Niinyooshe, Baba?"

Mzee Brashi akaitazama picha yake kwa muda. Akairudisha nyuma, akaipeleka mbele, kama alivyofundishwa. Kulia, kushoto, kulia, halafu kile kimtetemo, halafu kushoto.

"Iache," alisema. "Mtu akijitwika mayai, na mimi nikitetemeka kidogo mle ndani, nani atatutofautisha?"

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bibi alipotokea na trei yake, watu walicheka kidogo, cheko la adabu. Kidato cha kwanza. Cha pili. Mwili ukaenda kulia, trei ikachelewa, na ukumbi mzima ukaenda kulia pamoja naye. Mwanamke wa mstari wa mbele akakinga mikono miwili hewani, tayari kudaka.

"Shika ukuta, bibi!" mtu akapiga kelele.

"Asishike! Akishika ukuta nani atashika mayai?"

"We bibi, tua kwanza upumzike!"

"Atue wapi, juu ya kichwa chako?"

Mama mkwe, aliyekwisha kuiona jikoni na kuijua yote, alikuwa akipiga kelele kuliko watu wote. Fundi friji alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mama Nyoosha hakutazama kingo hata mara moja. Alikuwa akimtazama Mzee Brashi, na mzee alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, akiyumba na bibi wake kidato kwa kidato, machozi yakimteremka mashavuni huku anacheka.

Bosi akajipenyeza kutoka safu ya nyuma, akaingiza kichwa katikati ya mabega yao.

"Mzee," alinong'ona, "ile ya fundi viatu utaanza kuchora lini?"

Mzee Brashi hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, kinachotetemeka, akakiweka mdomoni.

"Shii, Bosi. Huoni kuna mtu ana mayai?"